Kihisi Kimenyamaza: Kutafuta Hitilafu katika Seti za Vihisi Visivyotumia Waya

Mwongozo huu ni kwa wale wanaotengeneza au kukusanya seti za vihisi (vifaa vidogo vinavyopima mambo kama joto, mwanga au mwendo) visivyotumia waya ili watu wengine, ambao si mafundi wa elektroniki, wazitumie kujaribu mawazo yao: mwanafunzi wa usanifu anayetaka kiti kinachotambua kwamba mtu amekaa, mwandaaji wa maonyesho anayetaka taa iwake mgeni anapoikaribia picha, au kijana wa Goma, mashariki mwa Kongo, anayetaka chukudu yake (baiskeli ya mbao ya kusukuma, ya kubebea mizigo) imwonye kwamba mzigo umeanza kuinama. Watu wa namna hii hawakosi mawazo. Shida yao huanza pale seti inaponyamaza, kwa sababu hawajui kama kilichokufa ni kihisi, betri, redio au programu, na kwa macho matupu vifo hivyo vyote vinafanana.

Seti za kwanza zilizowafungulia wasanifu mlango wa elektroniki zilitegemea waya. Phidgets, zilizoonyeshwa mwaka 2001 na Saul Greenberg na Chester Fitchett wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada, zilichomekwa kwenye kompyuta kwa kebo ya USB. Na bodi ya Arduino, iliyoanzishwa mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu, ilizoeleka kwa kebo hiyo hiyo. Kebo ilikuwa ikifanya kazi tatu kwa pamoja: ilileta umeme usioyumba, ilifikisha data bila kupotea njiani, na iliwezesha kosa lolote kuandikwa kwenye skrini. Tukiikata ili kihisi kiwe huru kutembea, tunazipoteza zote tatu kwa mara moja. Karibu kila dalili iliyoelezwa hapa chini imetokana na hasara mojawapo kati ya hizo, na ndiyo maana nashauri utafutaji ufuate mpangilio usiobadilika: anza na umeme, fuata waya na miguu ya bodi (pini za kuunganishia waya kwenye bodi ya sakiti), kisha redio, na programu iwe ya mwisho. Wengi huanza na programu kwa sababu ndiyo iliyo mbele ya macho yao, nao huishia kuandika upya msimbo uliokuwa mzima tangu mwanzo.

Kwa mtengenezaji wa seti, urahisi wa kazi yake hupimwa siku seti inapokataa kufanya kazi. Seti nzuri humwonyesha mtumiaji, bila msaada wa kompyuta, ni sehemu gani imeshindwa. Kwa hiyo katika kila hitilafu nitaeleza namna ya kuitibu, na panapofaa nitaeleza pia kinachopaswa kubadilishwa katika seti yenyewe ili mtumiaji anayefuata asikwame mahali pale pale.

Dalili: bodi inawaka, inajaribu kujiunga na mtandao, kisha inajiwasha upya

Naipa dalili hii nafasi kubwa kuliko nyingine zote, kwa kuwa hujificha kwa sura ya tatizo la redio ilhali ni tatizo la umeme. Bodi za ESP32, ambazo zimeenea katika seti za bei nafuu, hufanya kazi kwa volti 3.3. Redio yake ya Wi-Fi inapotuma, mahitaji ya umeme hupanda ghafla na kuvuka miliampea 200 kwa kitambo kifupi sana, na mtengenezaji wa chipu, Espressif, hupendekeza chanzo kinachoweza kutoa angalau miliampea 500. Chanzo kikiwa dhaifu, volti huanguka katika kitambo hicho, na kilinzi kilichomo ndani ya chipu huisimamisha kazi na kuianzisha upya. Ukiwa na kompyuta utaona maneno Brownout detector was triggered yakijirudia kwenye skrini. Bila kompyuta utaona taa tu ikimeta kwa vipindi, na utaanza kuilaumu ruta.

Mtuhumiwa wa kwanza ni kebo. Kebo ndefu na nyembamba ya kuchajia simu hupoteza sehemu ya volti njiani, na nyingine hazina kabisa nyaya za data, hivyo kompyuta haiioni bodi ingawa taa inawaka. Usiridhike na multimita inayosoma volti 5 zilizotulia, maana chombo hicho ni kizito kuona anguko linalodumu sehemu ya elfu ya sekunde. Badilisha kebo kwa nyingine fupi na nene. Hicho ndicho kipimo cha haraka na cha kweli kuliko vyote.

Mtuhumiwa wa pili ni betri iliyounganishwa kwenye mguu usiofaa. Bodi nyingi za mafunzo hupunguza volti 5 kuwa 3.3 kwa kirekebishi cha aina ya AMS1117, ambacho kinahitaji kupokea takriban volti 1.1 zaidi ya kile kinachotoa. Betri ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2, na kwa sehemu kubwa ya matumizi yake hukaa karibu na 3.7. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye mguu wa volti 5, bodi itapata kama volti 3.1 betri ikiwa imejaa, itafanya kazi asubuhi mbele ya kila mtu, halafu itaanza kuzimika mchana bila sababu inayoonekana. Tiba ni kuweka kati ya betri na bodi kifaa cha kupandisha volti hadi 5, au kuchagua bodi iliyotengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya betri ya lithiamu, yenye kirekebishi kinachopoteza volti kidogo.

Mtuhumiwa wa tatu ni kukosekana kwa kapasita. Kapasita ya mikrofaradi 100 hadi 470, ikiwekwa karibu kabisa na miguu ya umeme ya bodi, huhifadhi chaji ya kuvusha kile kitambo cha mahitaji makubwa. Kwa redio ndogo za nRF24L01 jambo hili ni la lazima: redio inayotuma vizuri kwenye meza ya mtu mmoja na kukataa kwenye meza ya mwenzake, kwa msimbo ule ule, mara nyingi hupona kwa kapasita ya mikrofaradi 10 iliyolehemiwa juu ya miguu yake miwili ya umeme. Zingatia pia kwamba mguu wa volti 3.3 wa Arduino Uno umewekewa kikomo cha miliampea 50. Redio ya kawaida ya aina hiyo hutosheka nao, lakini ile yenye antena ndefu na kikuza mawimbi huhitaji zaidi ya miliampea 100, kwa hiyo inapaswa kupewa kirekebishi chake yenyewe.

Mtengenezaji wa seti anaweza kuimaliza dalili hii kabla haijamfikia mtumiaji. Kapasita iwe imeshalehemiwa. Kebo fupi iliyopimwa iwe ndani ya sanduku. Kila ujumbe unaotumwa ubebe kiwango cha volti ya betri pamoja na thamani ya kihisi, ili anayeona kihisi kikiyumba aone papo hapo kwamba betri imeshuka. Na bodi, kila inapowaka, ikumbuke sababu ya kuzimika kwake, kwa kuwa ESP32 huihifadhi sababu hiyo. Ikiwa ni umeme, taa nyekundu iwake kwa sekunde chache kabla ya jambo jingine lolote. Mtu aliyeona taa nyekundu hatapoteza mchana akibadilisha nywila ya Wi-Fi.

Dalili: betri inaisha mapema, au pawabanki inajizima

Hesabu ni nyepesi. Bodi inayoiacha Wi-Fi ikiwa hai muda wote hutumia kwa wastani karibu na miliampea 100, hivyo betri ya miliampea-saa 2000 itadumu kama saa 20, na ikiwa ya zamani itadumu pungufu. Jihadhari na betri za umbo la 18650 zilizoandikwa 9900 ubavuni. Betri halisi za ukubwa huo huwa karibu na 3500 zikiwa bora. Bodi iliyolazwa usingizi mzito hutumia kiasi kidogo sana kwenye chipu, takriban sehemu ya mia moja ya miliampea, lakini kirekebishi na taa ya umeme ya bodi huendelea kunywa miliampea kadhaa usiku kucha. Ndiyo maana bodi ya mafunzo haitafikia kamwe miezi inayotajwa katika maelezo ya chipu.

Pawabanki ina tabia yake. Nyingi hujizima zinapoona mahitaji ni madogo, zikidhani simu imeshajaa. Kwa seti inayolala na kuamka hii ni hatari, kwa hiyo ama bodi iamshwe mara kwa mara kabla ya muda huo kupita, ama itumike betri isiyo na kikatizi cha aina hiyo.

Dalili: thamani zinarukaruka ovyo

Chukua mfano wa chukudu. Kihisi cha mwendo cha MPU6050 kimefungwa chini ya ubao wa kubebea mzigo, kikapeleka mwinamo kwenye bodi iliyo karibu na usukani, na bodi ikawasha taa mwinamo unapozidi. Mezani kila kitu kiko sawa. Barabarani, juu ya mawe ya lava, namba zinapanda na kushuka hadi taa haizimi. Hapo kuna sababu mbili zilizochanganyika, na ni lazima zitenganishwe.

Sababu moja ni ya kweli: chukudu inatikisika, na kihisi kinasema ukweli kuhusu mtikisiko huo. Tiba yake iko kwenye programu, kwa kuchukua wastani wa vipimo vya nusu sekunde iliyopita au thamani ya katikati kati ya vipimo kadhaa vya karibuni, kwa kuwa mzigo hauinami kwa kasi ya mtikisiko. Sababu nyingine ni waya uliolegea. Waya za kuchomeka zilizoachwa kwenye ubao wa majaribio wa elektroniki (breadboard) hukatika na kurudi mara nyingi ndani ya sekunde moja, na hakuna wastani utakaotibu hilo. Zitenganishe hivi: simamisha chukudu, mtu mmoja asome skrini, mwingine atikise kila waya kwa kidole, mmoja baada ya mwingine. Namba zikiruka wakati chombo kimesimama, umempata mhalifu. Waya ulehemiwe, au ubanwe kwa skrubu, na gundi ya moto iwekwe mahali waya unapoingia ili mvuto usifike kwenye kiungo.

Ikiwa kihisi ni cha analogi (kinachotoa volti inayopanda na kushuka badala ya namba) na bodi ni ESP32, kuna sababu ya tatu inayowachanganya hata wazoefu. Bodi hiyo ina makundi mawili ya miguu ya kusoma analogi, na kundi la pili, ambalo lina miguu namba 0, 2, 4, 12 hadi 15 na 25 hadi 27, haliwezi kutegemewa wakati Wi-Fi inafanya kazi. Kihisi cha mwanga kilichosoma vizuri wakati wa jaribio la kwanza kitaharibika mara tu msimbo wa mtandao unapoongezwa, na mtumiaji ataona kana kwamba mtandao umekiua kihisi. Kihamishie kwenye mguu kati ya 32 na 39. Mtengenezaji wa seti asiiache miguu ya kundi la pili wazi kwa vihisi vya analogi. Soketi ya analogi iwe moja, yenye umbo lake, na iende mahali salama. Namba yenyewe nayo ina mipaka: kipimo huenda kutoka 0 hadi 4095, lakini volti zilizo karibu na sifuri na zile zilizo karibu na 3.3 hazitofautishwi vizuri, hivyo panga kihisi chako kifanye kazi katikati.

Mguu ambao haukuunganishwa na chochote nao hutoa namba, na namba hizo hufanana na uhai. Ukaribie mguu huo kwa mkono na zitabadilika. Wapo waliodhani wamegundua kihisi cha mguso.

Dalili: inafanya kazi mezani, inakatika chumbani

Hapa sasa redio yenyewe inaweza kushukiwa, ilimradi umeme na waya vimeshapita. Wi-Fi ya ESP32, redio za nRF24L01, bodi ndogo za micro:bit na Bluetooth zote hutumia masafa ya karibu na gigahezi 2.4, ambayo urefu wa wimbi lake ni kama sentimita 12. Mawimbi haya hunyonywa na maji, na mwili wa binadamu umejaa maji. Kwa hiyo seti iliyojaribiwa chumba kikiwa kitupu hukatika siku ya maonyesho wageni wakisimama kati ya kihisi na kipokezi. Weka kipokezi juu ya vichwa vya watu. Kuta nene za mawe meusi ya lava, ambazo ni za kawaida Goma, hupunguza nguvu ya wimbi, na mabati hulizuia na kulirudisha, hivyo kihisi kilichobandikwa kwenye bati au kufichwa ndani ya kopo la chuma hakitasikika. Antena ya bodi, ile michirizi iliyochorwa pembeni mwa sakiti, ichomoze nje ya ukingo wa boksi, mbali na betri na mbali na chuma. Kuisogeza sentimita chache tu, mahali pale pale chumbani, kunaweza kurudisha mawasiliano, kwa kuwa mawimbi yanayorudi kutoka kwenye kuta hukutana na kuuana katika sehemu fulani.

Kabla ya kuongeza nguvu, punguza kasi. Redio ya nRF24L01 ya toleo lenye alama ya + iliyowekwa kilobiti 250 kwa sekunde hufika mbali zaidi kuliko ikiwekwa megabiti 2, na kihisi cha kiti hakihitaji kasi kubwa.

Kama bodi haiuoni kabisa mtandao wa simu iliyofanywa kuwa hotspoti, angalia masafa: simu nyingi mpya hurusha kwa gigahezi 5, na ESP32 haina masikio ya huko. Badili mpangilio wa simu uwe 2.4. Na ikiwa unatumia ESP-NOW, njia ya bodi kuongea zenyewe kwa zenyewe bila ruta, kisha ukakiunganisha kipokezi kwenye Wi-Fi ili kipeleke data mbele, mawasiliano yote yanaweza kukatika papo hapo. Kipokezi kimehamia kwenye chaneli ya ruta, na vihisi vimebaki kwenye chaneli ya zamani. Vyote lazima viwe kwenye chaneli moja.

Ushauri kwa mtengenezaji ni huu: kila ujumbe uwe na namba ya mfululizo. Kipokezi kikiona 41, 42, 45, kinajua mbili zimepotea, na kinaweza kuonyesha ubora wa mawasiliano kwa taa ya kijani, ya njano au nyekundu. Mtumiaji atatembea na kihisi chumbani akitazama taa, na mwenyewe atagundua kona isiyofaa.

Dalili: kihisi changu kinaleta data ya jirani

Katika darasa lenye seti nyingi zinazofanana jambo hili ni la uhakika isipokuwa limezuiwa. Micro:bit zilizo katika kundi moja la redio husikilizana zote. Makundi ni 0 hadi 255, kwa hiyo kila meza ipewe lake. Redio za nRF24L01 zenye chaneli na anwani zilizonakiliwa kutoka mfano mmoja huingiliana vivyo hivyo, na kila kipokezi kinaweza kusikiliza anwani sita tu kwa wakati mmoja. Redio za XBee za kizazi cha kwanza na za kizazi cha pili hazielewani hata zikipewa namba zile zile za mtandao, ingawa kwa sura ni ndugu.

Sura nyingine ya tatizo hili ni ngumu kuitambua: vihisi viwili vinavyotumia MQTT, kanuni ya kupelekeana ujumbe kupitia seva, vinaingia na kutoka kwenye seva kwa kupokezana, kimoja kikiingia kingine kinatoka. Vyote viwili vimejitambulisha kwa jina moja, na kanuni ya MQTT inaitaka seva imwondoe wa kwanza anapokuja wa pili mwenye jina lile lile. Jina litungwe kutokana na namba ya kipekee ya chipu, kamwe lisiandikwe kwa mkono ndani ya msimbo unaonakiliwa. Kisha namba hiyo hiyo ibandikwe kwa herufi kubwa juu ya boksi, ili kinachoonekana kwenye skrini na kilicho mkononi mwa mtu viitwe jina moja.

Dalili: kinaitikia, lakini kwa kuchelewa

Mtu akigusa kitu na jibu likaja ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, huliona kama la papo hapo. Likizidi hapo, anaanza kugusa mara ya pili, na jaribio zima la usanifu huharibika kwa sababu unayempima sasa ni mtu aliyechanganyikiwa. Tafuta kwanza amri za kusubiri ndani ya msimbo; bodi iliyoamriwa kusubiri sekunde moja haisikii kitu katika sekunde hiyo. Tazama pia kama kihisi kinatuma haraka kuliko kipokezi kinavyosoma, kwa kuwa ujumbe hujipanga foleni na ucheleweshaji hukua kadiri muda unavyopita. Ukiona mwanzoni ni sawa na baada ya dakika kumi ni vibaya, ni foleni. Tuma thamani inapobadilika tu, na kipokezi kitupe ujumbe wa zamani kikibaki na wa mwisho. Na ikiwa bodi ya ESP32 inatuma haraka lakini inapokea kwa kusuasua, zima hali ya kuokoa nishati ya Wi-Fi, ukijua kwamba betri italipa.

Dalili: namba zimetulia, lakini haziaminiki

Kihisi cha kanieneo ya hewa kikisoma hektopaskali 850 mjini Goma au Bukavu, kipo sawa. Maelezo yanayokuja nacho hutaja 1013, ambayo ni kanieneo ya usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Kivu uko takriban mita 1,460 juu ya usawa huo. Vivyo hivyo, anayekijaribu kihisi cha joto kwa maji yanayochemka asingojee nyuzi 100. Hapa maji huchemka karibu na 95. Barafu inayoyeyuka ndiyo kipimo bora, kwa kuwa sifuri yake haihami kwa mwinuko. Kihisi cha DS18B20 kikitoa 85 kamili, hakijapima bado, hiyo ni thamani yake ya kuamkia. Kikitoa -127, programu haikioni kabisa, hivyo rudi kwenye waya. Na kama uliagiza BME280 lakini unyevu hausomeki, huenda uliyoletewa ni BMP280, inayofanana nayo kwa sura lakini haina kipimo cha unyevu. Programu inaweza kuzitofautisha: ya kwanza hujitambulisha kwa namba 0x60, ya pili kwa 0x58.

Kihisi cha umbali cha HC-SR04 hutuma sauti isiyosikika na kungoja mwangwi. Sweta na vitambaa vyenye mikunjo huinyonya sauti hiyo, hivyo mtu aliyevaa mavazi mazito anaweza asionekane huku ukuta ulio nyuma yake ukionekana. Mwinuko hauna kosa hapa, kwani kasi ya sauti hutegemea joto. Kihisi hicho pia hurudisha volti 5, ambazo ESP32 haikuumbwa kuzipokea. Weka resista za kilo-omu 1 na 2 kuigawa volti hiyo.

Lipo jambo moja ambalo naliandika kwa uzito wote. Vijana wengi wa Goma, wakipata seti ya vihisi, hutaka kwanza kutengeneza kifaa cha kuonya kuhusu mazuku, ile hewa ya kaboni dioksidi inayojikusanya mabondeni na kuua watu na mifugo. Nia yao ni njema na kazi inafaa kufanywa, lakini kihisi cha MQ-135 kilichomo katika seti nyingi hakipimi kaboni dioksidi. Huitikia gesi na moshi wa aina nyingi, na namba ambayo programu huiita kiwango cha kaboni dioksidi ni makisio tu. Vihisi vinavyotumia mwanga wa infraredi hupima gesi hiyo kweli, navyo vina mitego miwili. Kwanza, kwenye kanieneo ndogo ya hapa husoma pungufu ya uhalisi visipopewa namba ya kanieneo. Pili, vingi hujirekebisha vyenyewe, kama MH-Z19 inavyofanya kila baada ya saa 24, vikidhani hewa safi kuliko zote vilizokutana nazo ilikuwa ya kawaida. Vikiwekwa mahali ambapo gesi haiondoki, vitajifunza kuiita hewa hiyo safi. Zima urekebishaji huo. Kifaa kama hicho kitumike kufundishia na kuonyesha wazo, na mtu yeyote asiingie bondeni kwa kuiamini taa yake ya kijani.

Dalili: kila kitu ni kizima, lakini mtumiaji ameshindwa

Hitilafu hii ni ya usanifu wa seti, na tiba yake imo mikononi mwa mtengenezaji. Ikiwa plagi ya betri na ya kihisi zina umbo moja, siku moja zitabadilishana mahali. Ikiwa nywila ya Wi-Fi iko ndani ya msimbo, seti haitahama chumba bila mwandishi wa programu. Bodi iunde ukurasa wake mdogo ambao mtu ataufungua kwa simu na kuandika jina la mtandao. Ikiwa taa ina rangi saba zenye maana saba, hakuna atakayezikumbuka, na tatu zinatosha. Karatasi ya maelezo iwe ya Kiswahili, na pale ambapo bodi zenyewe zimeandikwa kwa lugha nyingine, picha ioneshe mguu husika kwa mshale. Mwite mtu asiyeijua seti, mkabidhi sanduku, ukae kimya, uandike kila mahali mkono wake unaposita. Maandishi hayo yana thamani kuliko maoni atakayokupa baadaye kwa adabu.

Katika kila sanduku weka pia kihisi kimoja na kipokezi kimoja vilivyopimwa na kutiwa alama, visivyotumika kwa kazi nyingine. Kihisi cha mtumiaji kikinyamaza, na akiweka kile chenye alama mahali pake na data ikaja, kipokezi ni kizima na kosa liko upande wa kihisi. Data isipokuja, abadilishe kipokezi. Kwa mabadilishano hayo mawili hitilafu imeshabanwa kwenye nusu moja ya mfumo, na anaweza kurudi juu kwenye dalili inayoihusu.